Binti yangu alizaliwa Mombasa. Je, ni haki azuiwe kuwania urais wa Marekani?

"Naishi Minneapolis na mume wangu, sote Wakenya. Tulikuja kwa bahati nasibu ya grini kadi, binti yetu akiwa na miaka mitatu. Alizaliwa Mombasa. Mdogo wake wa kiume alizaliwa hapa mwaka uliofuata, kabla mimi na baba yake hatujapata uraia. Nilikula kiapo binti akiwa na miaka tisa, naye akapewa pasipoti ya Marekani. Juzi walikuwa na somo la uraia. Mwalimu akasema kila mtoto anaweza kuwa rais, kisha akamgeukia binti yangu akamwambia yeye hawezi kwa sababu alizaliwa Afrika. Alirudi nyumbani analia. Msikitini mmoja ameniambia hata mdogo wake hawezi kwa kuwa wazazi hatukuwa raia alipozaliwa. Mwingine akasema mbona Obama alizaliwa Kenya na akawa rais. Ukweli ni upi? Na kama ndiyo sheria, ni haki? Angalau Kenya ataruhusiwa?"

Dada yangu, naanza na lile zito ili tulimalize. Kwa sheria ilivyo leo, binti yako hawezi kuwa rais wa Marekani, wala makamu wa rais. Ibara ya 2 ya Katiba ya nchi hiyo inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 35, na awe amekaa nchini miaka 14. Umri ataufikia, na hiyo miaka 14 ataitimiza akiwa bado msichana. Linalomkwamisha ni lile sharti la kwanza peke yake. Kiti cha makamu kilifungwa na Marekebisho ya 12 ya Katiba, ya mwaka 1804, yanayosema kwamba asiyeruhusiwa kuwa rais haruhusiwi pia kuwa makamu wa rais.

Mwalimu basi alisema kweli, ila aliisema nusu, na nusu hiyo inaumiza. Mtoto akiambiwa "wewe huwezi" mbele ya wenzake, husikia kwamba uraia wake wote una kasoro. Hauna. Katika uongozi wa taifa la Marekani, viti ambavyo Katiba imevifunga kwa raia wa tajnisi, yaani aliyeupata uraia baada ya kuzaliwa, ni hivyo viwili tu. Anaweza kuingia Baraza la Wawakilishi baada ya kuwa raia kwa miaka 7, na Seneti baada ya miaka 9. Anaweza kuwa waziri, balozi, jenerali, jaji wa Mahakama ya Juu. Hapo hapo Minneapolis mlimchagua Ilhan Omar kwenda Kongresi mwaka 2018. Yeye alizaliwa Mogadishu, akaishi kambi ya wakimbizi nchini Kenya, na akafika Marekani mwaka 1995. Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria, alikuwa gavana wa California. Madeleine Albright, mzaliwa wa Prague, alikuwa waziri wa mambo ya nje, na kabla yake Henry Kissinger, mzaliwa wa Ujerumani. Waziri huyo ni wa nne katika mstari wa kurithi urais ukibaki wazi ghafla. Kwa Albright na Kissinger, mstari ungewaruka na kwenda kwa anayefuata.

Mahakama ya Juu yenyewe ililisema hili waziwazi mwaka 1964, katika kesi ya Schneider dhidi ya Rusk: haki za raia wa kuzaliwa na za raia wa tajnisi zina hadhi moja, na tofauti pekee ambayo Katiba imeiweka ni ya urais. Ningekuwa wewe, sentensi hiyo ningeichapisha nimpe binti aipeleke shuleni.

Sasa mdogo wake. Aliyekuambia kwamba lazima wazazi wawe raia amekosea kabisa. Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yanamtambua kuwa raia kila aliyezaliwa ndani ya Marekani na chini ya mamlaka yake. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Wong Kim Ark, kijana aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina. Wazazi hao walikuwa wakaazi wa kudumu, lakini sheria za wakati ule hazikuwaruhusu Wachina kuupata uraia hata wakiomba. Mahakama ikasema mtoto wao ni raia tangu siku aliyozaliwa. Mwanao naye alizaliwa kwa wazazi wenye grini kadi, wakaazi halali wa kudumu. Akifika miaka 35 na akiwa ameishi nchini muda unaotakiwa, jina lake linaweza kuwa kwenye karatasi ya kura.

Kuna jambo linalowachanganya wazazi wengi ninaowasaidia katika mambo ya uraia, nalo ni namna binti yako alivyoupata wake. Hakula kiapo wala hakufanya mtihani. Kuna sheria ya uraia wa watoto iliyopitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika tarehe 27 Februari 2001. Kwa sheria hiyo, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi, anayeishi Marekani chini ya malezi ya kisheria ya mzazi aliye raia, anakuwa raia papo hapo bila kuomba. Ulipoinua mkono ukaapa, naye alikuwa raia siku ile ile. Ndiyo maana wengine hudhani ni "raia wa kuzaliwa", kwa kuwa hakuomba. Lakini swali la urais linaangalia pumzi ya kwanza: je, wakati ule unazaliwa, ulikuwa tayari raia? Binti yako alikuwa Mkenya peke yake, na uraia wa Marekani ulimfikia akiwa na miaka tisa.

Kwa hiyo hata ile sababu aliyotoa mwalimu, "kwa sababu alizaliwa Afrika", haikukaa sawa. Kuzaliwa nje peke yake hakumzuii mtu. Seneta John McCain alizaliwa mwaka 1936 katika Eneo la Mfereji wa Panama na akawa mgombea wa chama cha Republican mwaka 2008. George Romney, aliyejaribu kuwania uteuzi wa mwaka 1968, alizaliwa Mexico. Ted Cruz alizaliwa Calgary, Kanada, mwaka 1970, mama yake Mmarekani na baba yake Mkyuba, na akawania uteuzi mwaka 2016. Mahakama ya Juu haijawahi kutoa uamuzi wa mwisho juu ya watu wa namna hii, na Katiba haikufafanua maneno "raia wa kuzaliwa". Wanasheria wengi hukubali kwamba aliyezaliwa nje kwa mzazi Mmarekani, na sheria ikamtambua kuwa raia tangu kuzaliwa, anaruhusiwa. Ungekuwa wewe ndiye raia wa Marekani, uliyeishi huko muda ambao sheria inautaka, ukarudi kwenu Mombasa kujifungua, binti huyu huyu, kwa maoni ya wanasheria hao, angekuwa na haki ya kuwania.

Na la Obama nalikataa moja kwa moja. Barack Obama alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961. Cheti chake kirefu cha kuzaliwa kilichapishwa na Ikulu ya Marekani tarehe 27 Aprili 2011. Baba yake ndiye aliyekuwa Mkenya. Uvumi kwamba alizaliwa Mombasa ulitengenezwa kwa shabaha maalumu. Sheria ya mwaka ule ilimtaka mzazi mmoja Mmarekani anayejifungulia nje awe ameishi Marekani miaka 10, na 5 kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza miaka 14. Mama yake Obama alikuwa na miaka 18 tu, hangeweza kuifikisha. Kumzalisha Kenya kwa maneno kulikuwa njia ya kumtoa nje ya Ikulu. Tunapourudia uvumi huo kwa fahari, tukidhani tunamrudisha nyumbani, tunawasaidia waliokusudia kumvua uraia wake.

Sharti lenyewe lilitoka wapi? Mwaka 1787 Marekani ilikuwa nchi changa na dhaifu, na Ulaya yote ilikuwa imeona yaliyoikuta Poland. Nchi ile ilikuwa na desturi ya kumchagua mfalme kwa kura za wakuu. Madola jirani yakajifunza kuweka mtu wao: mwaka 1764 Urusi ilihakikisha anachaguliwa Stanisław Poniatowski, na mwaka 1772 Urusi, Prussia na Austria zikaanza kuigawana nchi. Pale Philadelphia, wajumbe walipokuwa wakijifungia kuandika Katiba, mitaani ulienea uvumi kwamba wanapanga kumleta mtoto wa mfalme wa Uingereza awe mtawala. Tarehe 25 Julai 1787 John Jay, mmoja wa waasisi wa Marekani, alimwandikia George Washington kumshauri kwamba uamiri jeshi mkuu usipewe mtu yeyote ila raia wa kuzaliwa. Mwezi Septemba sharti likaingia, na kumbukumbu za mkutano hazionyeshi mjadala wowote juu yake.

Lakini tazama walivyojihadhari wao wenyewe. Kati ya watu 39 waliotia saini Katiba, 7 walizaliwa nje ya nchi, na wakaongeza maneno ya kuwaruhusu waliokuwa raia wakati Katiba inapitishwa. Alexander Hamilton, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis katika Karibi, aliruhusiwa na maneno hayo, ingawa hadi leo watu husema sharti liliwekwa ili kumzuia yeye. Walikuwa wanajua, kwa watu waliokaa nao meza moja, kwamba mzaliwa wa nje anaweza kuipenda nchi hadi kuijenga. Hofu yao ilikuwa mwana wa mfalme mwenye jeshi na hazina nyuma yake. Binti wa miaka mitatu aliyeshuka kwenye ndege ameshikwa mkono na mama yake hakuwamo katika fikra zao.

Sasa umeniuliza kama ni haki. Jibu langu ni hapana, na nitakueleza kwa nini, lakini nisiidharau hoja ya upande wa pili, kwa sababu si ya kipuuzi. Rais wa Marekani ni amiri jeshi mkuu na anashika amri ya silaha za nyuklia. Hang'olewi kwa kura ya kutokuwa na imani. Ndiyo sababu mfano wa nchi kama Australia haufanani moja kwa moja: Julia Gillard alizaliwa Wales, akahamia Australia akiwa mtoto mdogo, akawa waziri mkuu mwaka 2010, lakini mwaka 2013 wabunge wa chama chake walimwondoa kwa kura ya siku moja. Rais wa Marekani amefungwa na taifa kwa miaka minne. Mtu anayesema "kwa kiti kama hiki, nataka hadhari ya ziada" anastahili kusikilizwa.

Nakataa kipimo chenyewe. Mahali pa kuzaliwa hapapimi utii. Aldrich Ames wa shirika la kijasusi la CIA, aliyeiuzia Moscow siri zilizowaua watu, alizaliwa Wisconsin. Robert Hanssen wa FBI, aliyefanya kazi hiyo hiyo ya usaliti kwa miaka mingi, alizaliwa Chicago. Kwa upande mwingine, Jenerali John Shalikashvili alizaliwa Warsaw, akahamia Marekani akiwa kijana, akapanda hadi kuwa mkuu wa wakuu wa majeshi yote ya Marekani kuanzia 1993 hadi 1997. Nchi ilimwamini na mipango yake yote ya vita. Ilimkataza tu kuomba kura.

Sharti hili, kwa jinsi lilivyo, linamruhusu mtu aliyezaliwa New York, akachukuliwa akiwa na wiki mbili, akalelewa katika nchi nyingine hadi utu uzima, mradi akirudi akae miaka 14. Linamzuia mtoto ambaye hakumbuki nchi nyingine yoyote. Linawazuia pia maelfu ya watoto walioasiliwa na familia za Kimarekani kutoka Korea, Ethiopia na kwingineko wakiwa wachanga. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na Marekani ndiyo iliyomlea binti yako. Hadhari inayofaa ni ya muda: mgombea awe raia kwa miaka mingi, aukane uraia mwingine wowote, aweke wazi mali na mapato yake. Ushawishi wa nje ambao Jay aliuogopa hupita kwenye fedha na madeni, na hapo ndipo pa kukagua, kwa kila mgombea, popote alipozaliwa. Wapiga kura nao hawapotei. Asiyemwamini mzaliwa wa nje atamnyima kura, kama anavyomnyima yeyote.

Je, itabadilika? Sikupi tumaini la uongo. Mwaka 2003 Seneta Orrin Hatch wa Utah alipendekeza marekebisho ya kumruhusu aliyekuwa raia kwa miaka 20. Miezi michache baadaye Schwarzenegger akaingia ugavana, watu wakaliita pendekezo kwa jina lake, na hilo likaliua: Wademokrati waliona linamfaa mtu mmoja wa upande wa pili, ingawa hata Jennifer Granholm wa kwao, gavana wa Michigan, alikuwa mzaliwa wa Kanada. Marekebisho ya Katiba yanahitaji theluthi mbili za kila baraza la Kongresi, kisha majimbo 38 kati ya 50. Yako 27 tu tangu mwanzo, na la mwisho liliidhinishwa mwaka 1992. Nadhani litapita siku ambayo hakuna mtu maarufu anayelisubiri. Binti yako ana zaidi ya miaka ishirini kabla umri haujamruhusu kuwania, na huo si muda mfupi katika siasa. Lakini usimwahidi.

Kuhusu Kenya, jibu ni zuri kuliko ulivyotarajia, kwa watoto wote wawili. Ibara ya 137 ya Katiba ya 2010 inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa, ila Kenya haiangalii ardhi. Ibara ya 14 inasema ni raia wa kuzaliwa yule ambaye siku aliyozaliwa, awe amezaliwa Kenya au nje, mama au baba yake alikuwa Mkenya. Binti wa Mombasa ni raia wa kuzaliwa, na mdogo wake wa Minneapolis ni raia wa kuzaliwa vile vile. Ibara ya 16 inasema kupata uraia wa nchi nyingine hakuwaondolei. Kikwazo kiko Ibara ya 78: afisa wa serikali hatakiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Umewekwa msamaha kwa aliyefanywa raia na sheria ya nchi nyingine bila uwezo wa kukataa, lakini mtu anayeutaka urais asijifiche hapo, maana Ibara ya 137 inamzuia pia mwenye wajibu wa utii kwa nchi ya kigeni. Atalazimika kuukana uraia wa Marekani. Mngekuwa Watanzania mambo yangekuwa magumu zaidi, kwa kuwa Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na wewe ungeupoteza wa kwenu siku ya kiapo.

Na tusiinyooshee Marekani kidole peke yake. Zambia iliandika mwaka 1996 kwamba wazazi wa rais lazima wote wawe Wazambia, na kila mtu alijua mlengwa ni Kenneth Kaunda, baba wa taifa lile, ambaye wazazi wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Sharti likaondolewa mwaka 2016. Côte d'Ivoire ilimzuia Alassane Ouattara mwaka 2000 kwa hoja ya asili yake, na mgogoro wa nani ni mwananchi halisi ukawa miongoni mwa mambo yaliyoisukuma nchi kwenye vita mwaka 2002. Kongo mwaka 2021 ulipelekwa bungeni mswada wa kumtaka rais awe na wazazi wote Wakongomani, na wengi waliuona umeelekezwa kwa Moïse Katumbi wa Katanga, ambaye baba yake alikuwa Myahudi wa Kigiriki. Mswada haukupita, Katumbi akagombea Desemba 2023. Masharti ya kuzaliwa hutungwa kwa jina la usalama, na mara nyingi hutumika kumwondoa mpinzani mmoja.

Nimalizie na makaratasi, maana hapo ndipo naweza kukufaa zaidi kuliko kwenye siasa. Pasipoti ya binti inathibitisha uraia wake, lakini inaisha muda. Mwombee cheti cha uraia kwa fomu N-600 wakati bado una grini kadi yake ya zamani, cheti chako cha kiapo, cheti chake cha kuzaliwa cha Mombasa na ushahidi kwamba mlikuwa mkiishi pamoja ulipoapa. Nyaraka hizi hupotea watu wanapohama nyumba, na mtoto akiwa mtu mzima huzitafuta kwa taabu. Upande wa Kenya, sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inamtaka mwenye uraia wa nchi mbili autangaze ndani ya miezi mitatu. Kama hukufanya hivyo, zungumza na ubalozi au Idara ya Uhamiaji kabla ya kuomba pasipoti mpya. Na ikiwa kuna talaka, mvutano wa malezi, au kipindi ambacho binti aliishi kwa bibi yake Kenya karibu na siku uliyoapa, usitegemee maelezo yangu haya wala ushauri wa wajaza fomu wa mitaani. Nenda na nyaraka zote kwa wakili mwenye leseni ya mambo ya uhamiaji hapo Minnesota, kabla binti hajafika miaka 18 na kujiandikisha kupiga kura.